Barua kwa Mwalimu: Kinanda kiacheni dukani kwanza

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache tu kuhusu ndoo ya rangi ya lita 20 ninayoitumia darasani kama ngoma. Nikadhani imepita hivyo. Juzi mhariri akanipigia simu nikachukue barua zangu, nikakuta bahasha ya kaki imefura kama andazi. Kuzijibu zote sitaweza. Nimechagua sita, na kwa kuwa nyingi zinafanana, wengine mtajiona humo humo.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye usonji (autism) katika shule ya msingi ya serikali, Dar es Salaam, mwaka wa 17 huu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa kawaida mwenye kwaya ya shule, kisha nikaenda Patandi, Arusha, kusomea elimu maalumu. Si daktari, kwa hiyo wanaoniuliza habari za dawa nawarudisha hospitali.

*

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, hospitali wamesema ana usonji. Maneno anayosema hayazidi manne. Kutwa anagonga vifuniko vya sufuria, ukimnyang'anya anagonga ukuta. Lakini jirani wakiweka muziki wa kigodoro anaziba masikio na kulia mpaka anatapika. Mama mkwe anasema ni jini la ngoma. Mume wangu anataka tumnunulie kinanda cha laki tatu na nusu, labda atatulia. Tufanyeje?" Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Kinanda kiacheni dukani kwanza.

Unashangaa mtoto anayependa kelele anaikimbiaje kelele. Kifuniko anakigonga yeye. Anajua kinalia lini, kwa nguvu gani, na kinanyamaza lini. Kigodoro kinamvamia. Masikio ya watoto wetu wengi hayachuji: wewe ukiwa kwenye muziki unaweza kusahau feni, pikipiki ya nje na mtu anayekohoa, yeye vyote vinamwingia kwa pamoja na kwa ukubwa uleule. Sasa weka juu yake spika za mtaa mzima. Hata mimi ningetapika. Siku za vigodoro mhamishie chumba cha mbali, mwekee vile vikinga masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma, na asilazimishwe "kuzoea".

Kuhusu vifuniko, nikueleze kilichonipata mimi, maana nilianza kwa kukosea. Nilikuwa na mtoto wa miaka 8 aliyekuwa anakaa nyuma ya kabati na kuligonga. Nikampa ndoo, akaipenda. Basi nikaigeuza zawadi: akikaa vizuri anapata ndoo, akimwaga uji ndoo inapanda juu ya kabati. Nilijiona mjanja. Miezi miwili mtoto hakuendelea hata hatua moja, ila alijifunza kupanda kabati.

Siku moja mvua ilikuwa imetoka kukatika, darasa limepoa, wenzake wamesinzia. Akagonga ndoo: pa, pa-pa. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimempa mgongo, hatua kama tatu, nakata karatasi ya manila. Sijui kilichonituma. Nikageuza bakuli la plastiki nikagonga: pa, pa-pa. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, sikugeuka. Akagonga tena, safari hii mara tatu za haraka. Nikamrudishia tatu. Tukaenda hivyo kama mara nne. Mara ya tano akagonga moja tu, kisha kimya kirefu. Nikachungulia kwa pembe ya jicho. Kijiti amekishika juu, hewani, shingo ameigeuza, anautazama mkono wangu. Uso wangu hakuutazama, ni mkono. Alikuwa ananisubiri zamu yangu.

Mtoto huyo hakuwahi kumsubiri mtu yeyote kwa jambo lolote. Na mazungumzo yote ya dunia, hata haya tunayoandikiana mimi na wewe, yanasimama juu ya kitu hicho: nimesema, sasa nakusubiri. Baadaye sana ndipo nilipokuja kusoma kwamba Mmarekani mmoja mtunzi wa muziki, Paul Nordoff, na mwalimu Mwingereza, Clive Robbins, walianza kazi ya namna hii huko Uingereza mwaka 1959: mwalimu haleti wimbo wake, anaisikiliza sauti ya mtoto na kuifuata. Mimi nilifundishwa na ndoo.

Kwa hiyo jioni, redio imezimwa, televisheni imezimwa, kaa naye mkekani. Usimkabili uso kwa uso, kaa ubavuni. Chukua kifuniko chako. Akigonga, mrudishie kilekile, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, akina mama tunapenda kuhimiza: "haya baba, gonga, gonga tena!" Usiseme kitu. Dakika tano zatosha, na akiondoka mwache aende. Kama hakukujibu wiki mbili, endelea ya tatu.

Kinanda kina tatizo lake: kitufe cha demo, kile kinachopiga wimbo wote chenyewe. Mtoto akishakigundua atakibonyeza mara mia nne kwa siku, na muziki huo haumhitaji mtu mwingine. Mkitaka kutumia pesa baadaye, tafuteni marimba ndogo ya mbao yenye ngazi ya sauti tano, ile inayosikika katika ngoma nyingi za bara. Faida yake ni kwamba ubao wowote utakaogonga haugombani na wa mwenzako, kwa hiyo mtoto na baba wanaweza kupiga pamoja siku ya kwanza bila kuharibu.

Na mama mkwe usibishane naye habari za jini. Mpe kifuniko cha tatu.

*

"Assalamu aleikum. Nimeona kwenye simu Mwingereza mwenye usonji ambaye hupandishwa helikopta, akishuka anachora mji mzima kwa kumbukumbu. Binti yangu ana miaka 11, naye ana usonji. Nimemlipia mwalimu wa kuchora miezi minne sasa na anachora maduara tu. Kipaji hutoka lini?" Baba wa Likoni, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huyo ni Stephen Wiltshire, amezaliwa London mwaka 1974. Mwaka 2005 alizungushwa juu ya Tokyo kwa helikopta, kisha akauchora mji huo kwenye turubai la urefu wa mita 10 hivi. Ni kweli tupu. Lakini watu kama yeye ni wachache mno, hata miongoni mwa wenye usonji. Kumsubiri binti yako awe Wiltshire ni sawa na mimi kumsubiri kila mtoto anayekimbia awe Filbert Bayi.

Jambo jingine katika habari zake hunikwaza. Alipokuwa mdogo hakuwa anasema, na walimu wake walimfichia karatasi na kalamu ili alazimike kuomba. Neno lake la kwanza likawa "karatasi". Watu hulisimulia wakitabasamu. Mimi naomba usilijaribu nyumbani. Nimekwishasema juu hapo nilichovuna kwa kupandisha ndoo kabatini.

Turudi kwenye maduara. Kwanza yaangalie, maana hukuniambia ni maduara gani. Yanafanana ukubwa? Anaanzia juu au chini? Anayajaza rangi au anayaacha? Hubadilika akiwa na njaa? Nilikuwa na binti aliyechora maduara mwaka mzima, siku moja nikaona kila moja lina kitobo upande wa kulia, nikafuatilia: ni majiko ya mkaa yakitazamwa kwa juu, na kitobo ni mlango wa majivu. Mama yake ni mama lishe. Tangu hapo nilijua tunaongea habari za nini.

Pili, mbadilishie vifaa, duara liachie lilelile. Chaki kwenye sakafu. Kidole kwenye sinia la unga. Kanga kuukuu yenye maduara ashikie mkononi. Udongo wa mfinyanzi, na kama hapendi kinachonata kwenye vidole, kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja na mafuta kidogo. Ule haunati. Wengi wanaosemwa "hawapendi sanaa" hawapendi gundi.

Tatu, kurudia si kosa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake kwa rangi za baiskeli Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alikufa mwaka 1972. Mpaka leo mafundi waliomfuata wanarudia chui yuleyule na tembo yuleyule, vibanda kwa vibanda, watalii wananunua, na hakuna anayewapeleka kwa daktari. Huyo mwalimu unayemlipa, kama anakaa mbele ya binti yako na kumwonyesha nyumba, mti na jua la pembeni, mwambie achore naye maduara. Akikataa, okoa pesa yako.

*

"Mwalimu mwenzangu, nina darasa la tatu lenye wanafunzi 84. Mmoja ana usonji, anasoma vizuri, lakini kila daftari amelijaza michoro ya mabasi ya mwendokasi, hata la hisabati. Mwalimu mkuu amesema ninyang'anye penseli nje ya kipindi cha sanaa. Nami mwenyewe kipindi cha sanaa nakitumia kusahihisha madaftari, nisamehe." Mwalimu, Kinondoni

Umesamehewa, nani hasahihishi kipindi hicho.

Penseli usinyang'anye. Mpe daftari moja la mwendokasi, uliandike hivyo juu kwa kalamu ya wino: MWENDOKASI. Mabasi yana daftari lake, hesabu zina lake. Mtoto mwenye usonji hupenda kitu kikiwa na mahali pake. Halafu daftari hilo lisiwe jela. Wewe mwenyewe liingie. Mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016 yalituletea njia yenye vituo vyenye majina na mpangilio usiobadilika, ndiyo maana anayapenda: Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Kivukoni. Muulize: basi limetoka Kimara na watu 46, Ubungo wameshuka 18, wamebaki wangapi? Atakujibu kabla hujafunga mdomo. Muulize mvua ikinyesha, Jangwani kukafurika, basi linapita wapi. Hilo ni swali la jiografia na la uraia, na wakubwa wenyewe limewatesa.

Kwa sanaa yenyewe katika watoto 84, sitakudanganya kwamba utamkalia mtu mmoja. Fanya mawili. Mkalishe pembeni, ukuta upande mmoja, mbali na mlango, jirani awe mtoto mpole asiyegusa vya watu. Na kabla ya kipindi chora ubaoni vipicha vinne: karatasi, penseli, rangi, kunawa mikono. Kila hatua ikiisha, kifute. Hivyo anajua kazi inaishia wapi. Wanaopiga kelele wakati wa kuambiwa "acheni kuchora" mara nyingi ni kwa sababu mwisho umewaangukia. Hao 83 wengine nao vipicha vitawafaa, utaona.

Mwalimu mkuu akiuliza, mwonyeshe daftari la hisabati likiwa safi.

*

"Kuna mtu anauza flashi yenye muziki maalumu wa kutibu usonji, shilingi elfu 80, mtoto anasikiliza akiwa amelala. Ninunue?" Msomaji, Mwanza

Usinunue.

Nifafanue kidogo, maana barua kama hii nilipata tatu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9, watoto 364 wa miaka 4 hadi 7. Nusu yao walikaa na wataalamu wa tiba ya muziki kwa miezi mitano, ana kwa ana, wakipiga na kuimba, juu ya huduma ya kawaida. Zile dalili kuu za usonji hazikupungua kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake. Mapitio ya mwaka 2022 yaliyojumlisha tafiti 26 yalikuta mwelekeo mzuri zaidi, hasa katika hali ya jumla ya mtoto na ubora wa maisha yake. Huko kote ni mtu anayekaa na mtoto. Sembuse flashi.

Utaniuliza, basi ndoo unapiga ya nini? Nami nakuuliza: mtoto wako asiye na usonji anapojiunga na kwaya, anatibiwa nini? Hakuna anayeuliza. Anaimba kwa sababu kuimba ni sehemu ya kusoma na ya kuishi. Lakini mwenye usonji akishika brashi, tayari tunatafuta dalili gani imepungua. Nimeona vitengo ambako muziki ukionekana "hausaidii" unafutwa kwenye ratiba, wanabaki na kupanga vifuniko vya soda kwa rangi. Watoto wasio na usonji, hisabati isipowasaidia tunawafutia?

*

"Tunaandaa siku ya usonji duniani hapa shuleni. Kuna mwanafunzi anaimba vizuri ajabu, tunataka aimbe mbele ya mgeni rasmi. Tumwandaeje?" Mwalimu wa michezo, Dodoma

Siku yenyewe, tarehe 2 Aprili, Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 2007, na nia ilikuwa watu wawajue watoto hawa. Sasa sikiliza. Mwaka fulani nilialikwa kwenye sherehe kama yako, shule sitaitaja. Mvulana wa miaka 12 niliyewahi kumsikia chini ya mwembe, peke yake, sauti imenyooka kama uzi. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili nzima. Watoto wamevalishwa fulana mpya zenye lebo inayokwaruza shingo. Spika mbili zina urefu wa kabati, MC anapima: "Halo, halo, moja mbili." Kijana alipopandishwa jukwaani alikuwa ameshauma mkono wake mpaka alama za meno zinaonekana. Aliimba mstari mmoja. Tukapiga makofi kwa nguvu, naye akajificha chini ya meza ya zawadi. Nami nilipiga makofi, hilo bado linanisumbua.

Mwulize kwanza mwenyewe, kwa picha kama hasemi: jukwaa, au darasani na watu kumi, au arekodiwe kwa simu wageni wasikie yeye akiwa nyumbani? Akichagua jukwaa, aimbe wa kwanza, si wa mwisho. Avae shati lake alilozoea. Kipaza sauti akijaribu siku tatu kabla. Watu wapunge mikono badala ya makofi. Taa za disko za kumetameta ziondoeni kabisa, wenye usonji wengi wana kifafa pia. Na mgeni akichelewa, mtoto asimsubiri. Mgeni ndiye aliyekosa.

*

"Mwanangu mwalimu, mjukuu wangu wa miaka 5 anaimba kila tangazo la redio, na kaswida za madrasa neno kwa neno, hata ustadhi anashangaa. Lakini akishikwa na kiu analia tu, hajui kusema maji. Ulimi anao, mbona hautumii?" Bibi wa Pangani

Shikamoo bibi. Jambo lako ni la zamani kuliko mimi. Daktari Leo Kanner wa Marekani alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wa kwanza aliowatambua kuwa na hali hii, alieleza kwamba mmoja wao, akiwa na mwaka mmoja tu, aliweza kuimba nyimbo nyingi bila kukosea.

Kwa mjukuu wako wimbo ni kifurushi kimoja, kimefungwa na kamba. Anakibeba chote. Hajui bado kwamba ndani yake kuna maneno yanayoweza kutolewa moja moja. "Maji" peke yake, bila sauti ya kupanda na kushuka, halina pa kushika. Basi mpe kamba.

Chukua sauti anayoipenda, fupi sana, kama ya mwito na kiitikio madrasani. Maneno yawe mawili tu: nataka maji. Kila akiwa na kiu, kabla hujampa, imba ukiwa umeshika kikombe anachokijua, kilekile kila siku. Fanya siku tano au kumi hivyo, wewe unaimba na kumpa. Kisha siku moja imba "nataka..." na ukatize. Mwangalie, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Watoto wa namna hii hawapendi wimbo uliokatika, utawawasha kama kibanzi. Akisema "ma" tu, mpe maji hapo hapo, usimwambie aseme vizuri. Asiposema kitu, malizia wewe na umpe vilevile. Kiu si ya kufanyia biashara.

Likishakaa maji, badilisha neno la mwisho: uji, ndizi, kaswida. Sauti ibaki ileile. Ustadhi naye mwambie afanye hivyo hivyo, maana inaonekana anampenda.

Na usiwe na haraka ya kumwachisha kuimba. Kijana mmoja niliyemwanza hivyo sasa ana miaka 15, anatumwa dukani peke yake, na akifika bado anaimba: "Nataka sukari robo." Mangi mwenye duka amemzoea. Siku hizi humwimbia bei.